Viporo vya Sindano na Uzi

Kazi 11 za kudarizi, zote nilizianza kwa mbwembwe, hakuna hata moja iliyokwisha. Na moja kati ya hizo haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu, na siku ya kitchen party yake ilikuwa inakuja mbio.

Ilikuwa yapata saa tatu usiku, mwaka 2024, umeme umekatika, mume wangu kapiga magoti anapapasa chini ya kitanda akitafuta taa ya chaji. Mara nikasikia, "Mama yangu wee!" Sikuuliza kuna nini. Nilijua keshakutana na sindano.

Basi bwana, umeme uliporudi hakusema kitu. Aliburuta mfuko mmoja, akaburuta wa pili, akafungua kabati akatoa wa tatu, akamwaga kila kitu juu ya kitanda na kuanza kuhesabu kama karani wa stoo. Mashuka, foronya, vitambaa vya makochi, kofia, kiblanketi cha mtoto mchanga. Kila kimoja kina sindano imechomekwa pale nilipoachia, kama mtu aliyeinuka mara moja kwenda kupokea simu. Alipofika 11 akakaa chini.

"Mke wangu," akasema huku ananyonya kidole, "hii siyo kazi ya mikono. Hii ni timu yenye mechi 11 za viporo, na ligi imeshaisha."

Nilicheka sana. Halafu nikaiona ile ya zambarau, katikati ya lundo, nikaacha kucheka.

Mwanzo mtamu

Hapa Morogoro wengi tunasema "kufuma" kwa kila kitu kinachohusu uzi, iwe kwa kroshia au kwa sindano. Mimi ninachozungumzia ni kudarizi. Kitambaa umekinunua dukani, unachora ua juu yake kwa kaboni, unakibana kwenye fremu ya mviringo, kisha unalijaza ua kwa nyuzi za rangi, mchomo baada ya mchomo. Mama yangu alifundishwa shuleni, enzi za somo la Sayansi Kimu: mshono wa mnyororo, wa nyuma, wa msalaba, na ule wa kujaza ambao ukiupatia ua linang'aa kama limepakwa mafuta. Mimi nilifundishwa na yeye, nyumbani Mgeta, kule juu kwenye milima ya Uluguru, miezi ya Juni na Julai ambapo ukungu unashuka mapema na hamna la kufanya zaidi ya kukaa karibu na jiko.

Mgeta nilikuwa na kitambaa kimoja tu. Uzi ulikuwa wa shida, ukimaliza kibunda cha kijani unasubiri mtu ateremke mjini. Siku hizi naishi mjini. Nikitoka kazini napita maduka ya karibu na Soko la Chifu Kingalu, nyuzi zimepangwa kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, nasimama pale kama mtoto mbele ya duka la pipi. Kibunda kimoja kina nyuzi sita zilizosokotana, urefu mita 8, na bei yake haiumizi. Ndiyo hatari yenyewe. Nikinunua vibunda vitatu vya rangi mpya, nikifika nyumbani lazima kitafutwe kitambaa cha kuvitumia, maana kazi niliyoiacha inataka nyekundu na mimi leo nimependa bluu.

Hata mchoro wenyewe una utamu wake. Jioni ile ya kwanza, ukiwa unachora na kupanga rangi, kazi yote unaiona kichwani ikiwa imekamilika na hujaichoma hata mara moja. Jani la kwanza linakwisha haraka. La pili pia. Ukifika jani la kumi na tano, dada yangu, ndipo utakapojua hujui. Majani yote ni yale yale, shingo inauma, na bado una mengine 40. Hapo ndipo kazi zangu zote 11 zilipofia, katikati. Hamna hata moja iliyofia mwanzoni.

Na tujuane, mimi sikuwa mvivu. Kwa wiki nilikuwa nadarizi saa nyingi kuliko wanawake wengi ninaowafahamu. Tatizo ni kwamba saa zile nilizigawa kwa vitu 11, kila kimoja kikapata kijiko kimoja cha uji.

Zilikuwemo nini? Mashuka ya kitanda chetu, ambayo niliyaanza nikiwa bado mchumba. Vitambaa vya makochi, vinne kati ya saba. Kitambaa cha meza cha mama mkwe (yule aliyewahi kukalia sindano yangu, hadithi hiyo naomba tuiruke). Kitambaa cha altare nilichoahidi mbele ya jumuiya nzima. Kiblanketi cha mtoto wa binamu, ambaye sasa anasoma chekechea. Blauzi ya kitenge yenye maua shingoni, upande mmoja tu. Kofia. Na vingine ambavyo hata sikumbuki nilimwanzia nani. Na hiyo ya zambarau.

Kofia ya Unguja

Kofia ina historia yake. Tulipofunga ndoa tulikwenda fungate Unguja, na siku moja, Mji Mkongwe, mwenyeji wetu akatupeleka kwa shangazi yake. Tukamkuta yule mama amekaa mkekani na mabinti zake wawili, kila mmoja ana kofia mkononi. Zile kofia za mkono mnazoziona kwenye Idd na harusi za pwani, zile ambazo hata wanaume wa Oman wanazivaa, maana visiwa hivi na Oman vilikuwa chini ya Sultani mmoja, Seyyid Said, tangu kabla karne ya 19 haijafika katikati. Ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Vinadariziwa mbalimbali halafu vinaunganishwa. Vile vitundu vidogo vidogo vinavyopitisha hewa, kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa mkono. Kofia nzuri inaweza kula miezi.

Nikamuuliza, "Shangazi, ukiichoka hii huanzi nyingine?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kama akichoka na mume anachukua mwingine. "Mwanangu, hii ina mwenyewe. Anaisubiri Idd."

Nikaona jibu la kawaida tu. Nikamwomba anifundishe, nikapewa kitambaa nikaanza ukanda, nikarudi nao Morogoro, nikauweka mfukoni. Kofia namba 1 ya maisha yangu ina vitundu 22 mpaka leo.

Sasa tafadhali msinielewe vibaya. Kuwa na kazi zaidi ya moja siyo kosa. Kazi kubwa kama shuka huwezi kuibeba kwenye daladala, inataka mwanga wa mchana na kitanda kizima. Lazima uwe na kadogo ka kubeba kwenye mkoba. Na kuna zile siku za kupiga soga ambapo huwezi kuhesabu nyuzi, hapo unahitaji kitu cha mshono wa mnyororo tu, mkono unakwenda wenyewe. Hizo ni tatu. Tatu zina sababu. Sababu ya ile ya nne na kuendelea nilikuja kuigundua kwa aibu.

Maua ya milimani

Rafiki yangu tulisoma wote sekondari. Mama yake naye ni wa Uluguru, upande mwingine wa mlima. Alipoposwa akaja kwangu: "Shosti, mimi sitaki mashuka ya waridi, kila mtu ana waridi. Nataka yale maua ya kwa bibi."

Nilijua anayoyasema. Yanaota kwenye miamba yenye kivuli, madogo, zambarau iliyofifia, majani yana vinyweleo kama mgongo wa nyuki. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alipeleka mbegu za ndugu zao kwao Ujerumani kutoka upande wa Tanga mwaka 1892, na leo wajukuu wa mbegu hizo wako kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Watu wengi hawajui kwamba kwao ni kwetu, na kwamba Uluguru kuna aina ambazo ni za huku.

Tukakubaliana Sh 150,000 kwa shuka na foronya mbili. Akanipa 60,000 ya kuanzia. Nikanunua kitambaa, nikanunua zambarau za aina tatu. Chenji iliyobaki nikanunulia uzi wa dhahabu wa kitambaa cha altare. Hapo ndipo dhambi ilipoanzia.

Kona ya kwanza niliidarizi kwa mapenzi kweli kweli. Maua tisa na majani yake. Ilinichukua saa 16, nilizihesabu kwa sababu nilitaka kujua. Ilipokwisha nikampigia picha nikamtumia, akalia kwenye simu. Nikajisikia kama nimemaliza shuka zima.

Baada ya hapo, kila akiuliza "Umefika wapi?" nikawa namjibu "Nimefika mbali." Neno "mbali" ni zuri, halina mita. Na kila baada ya kumjibu hivyo, jioni yake nilianza kitu kipya. Kile kiblanketi, ile blauzi, vyote vilizaliwa kwenye miezi hiyo. Nilipokuja kupanga tarehe niliona aibu, maana ilikuwa wazi: nilikuwa nakimbia. Kazi uliyoiacha inakudai, ukiigusa tu unasikia sauti ya mwenyewe. Kazi mpya haina mdai.

Kuna mwanasaikolojia, Bluma Zeigarnik, aliyechapisha utafiti mwaka 1927 kutoka Berlin, kwamba mtu hukumbuka zaidi kazi aliyokatizwa kuliko aliyomaliza. Watafiti waliorudia kupima baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo sitaapa. Ila mimi nikilala usiku kona tatu tupu zilikuwa zinanitazama kutoka chini ya kitanda.

Usiku ule wa sindano zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nikachukua kalamu. Kona tatu kwa saa 16 ni saa 48. Ukanda wa kichwani saa 20. Foronya mbili, saa 10 kila moja. Jumla 88. Nikitoka kazini, nikipika, nikajitahidi sana, napata saa mbili kwa siku, yaani saa 42 kwa wiki tatu. Nusu haifiki.

Mume wangu akasema, "Mwambie tu." Wanaume bwana.

"Na wewe kamwambie baba yako msingi wa Lukobe umekwama," nikamjibu.

Akanyamaza. Tuna kiwanja Lukobe. Msingi ulijengwa mwaka 2021, nondo zimesimama zinashika kutu, katikati jirani kapanda mchicha. Kila Pasaka baba mkwe anauliza, kila Pasaka anaambiwa "tumefika mbali". Tulikuwa tumeoana sawa sawa.

Safari ya Kariakoo

Nikafanya nilichofanya. Jumamosi nikapanda treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Chini ya saa mbili uko mjini, na treni imetulia kiasi kwamba unaweza kutunga uzi kwenye sindano bila kujichoma, jambo ambalo kwenye basi usijaribu. Nilikuwa na kazi ya kubeba kwenye mkoba. Sikuitoa.

Kariakoo nikanunua seti ya mashuka ya zambarau, maua yamedariziwa kwa mashine, Sh 45,000. Mazuri tu, sikatai. Nikayafua mara mbili yapoteze ugumu wa dukani, nikapiga pasi, nikafunga kwenye karatasi ya zawadi. Rafiki yangu alikuwa ameshanilipa ile 90,000 iliyobaki. Piga hesabu mwenyewe. Nilipata faida.

Unajua zamani, mwali wa Kiluguru aliwekwa ndani kwa miezi akifundwa, na wengine walipitisha mwaka. Siku hizi tunayabana yote kwenye mchana mmoja wa kitchen party, na MC na muziki juu. Silaumu, wote tuna kazi. Lakini wale wakubwa wa ukoo bado wanakaa mbele, na wanatazama kila kitu. Na kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo bibi mzaa mama wa bibi harusi siyo mgeni mwalikwa. Ndiye mwenye shughuli.

Zawadi zikafunguliwa. Masufuria, vyombo, friji la kamati. Likafunguliwa shuka langu. MC akatangaza jina langu, akasema limefumwa kwa mkono na rafiki wa bibi harusi, vigelegele vikapigwa. Nikainuka nikapunga mkono.

Likapitishwa mbele. Yule bibi akalipokea, akalitazama upande wa juu, akafanya kitu ambacho kwenye ukumbi mzima hakuna mwingine aliyekifanya. Akaligeuza.

Kwa asiyejua: kazi ya mkono inajulikana kwa nyuma. Kwa mkono, nyuma unaona uzi ule ule wa rangi ile ile, unaona pale fundi aliporuka kutoka ua moja kwenda jingine, unaona ncha zilizofichwa chini ya mishono. Kwa mashine, nyuma yote ni uzi mwembamba mweupe wa chini, na mara nyingi kuna mabaki ya kitambaa kigumu kama karatasi kilichowekwa kushikilia. Bibi alipapasa pale kwa kidole gumba, polepole. Akanitazama. Akalikunja shuka vizuri kabisa, kona kwa kona, akaliweka mapajani.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Basi. Nyimbo zikaendelea. Mimi nilikula wali wa ukumbini sijui hata kama ulikuwa na chumvi.

Kwa mama

Wiki iliyofuata nikapanda Mgeta. Nilimwambia mama nimekuja kusalimia. Nilimkuta barazani anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu ambao ukishafika urefu wa kutosha unashonwa kuwa mkeka. Pembeni yake kulikuwa na mizinga mitatu ya ukili imekunjwa.

"Mama, mbona na wewe una viporo?"

"Hivi siyo viporo. Huu ni mkeka mmoja, haujashonwa tu." Akaendelea kusuka. Kisha, bila kuinua kichwa: "Umefanya nini?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea mahubiri, mama yangu hayabani. Akaniuliza swali moja: "Ile kona uliyomaliza iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Hela yake je?"

Nikaangalia mlima.

Siku ile nilishuka na gari la mboga, kabichi na karoti nyuma, nimeamua. Ila kuamua na kutenda ni vitu viwili, ilinichukua miezi miwili mingine kugonga mlango wa rafiki yangu. Nilikwenda na bahasha na ile kona. Sikukaa hata kwenye kochi. Nikamwambia mashuka yale siyo ya mkono wangu, nilinunua, samahani.

Akasema, "Najua. Bibi alinionyesha usiku ule ule."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uje mwenyewe. Nikasema sitampigia simu. Ikifika Pasaka hajaja, basi." Hakumalizia basi nini. Nilijisogezea kiti nikakaa, miguu ilikuwa haina nguvu.

Nikampa bahasha. Moyoni, ukweli usemwe, nilikuwa natarajia aniambie "acha shosti, yamepita". Akafungua akahesabu. 150,000. Akaiweka kwenye pochi.

"Na hiyo kona nipe."

"Haijawa shuka."

"Siyataki mashuka. Shuka ninalo, si uliniletea?" Hapo tulicheka wote, kicheko kile chenye machozi. "Nifanyie foronya. Mbili. Na usiniambie umefika mbali. Niambie majani mangapi."

Tuliyafungua yote

Kona ile ikakatwa kwenye shuka, ikawa uso wa foronya ya kwanza. Ya pili niliidarizi upya, maua matano tu badala ya tisa, na kila Jumapili nilimtumia namba: majani 6, majani 11, majani 19. Wakati mwingine sifuri. Sifuri nayo niliituma. Niliambiwa "sawa". Foronya zilifika kwake wiki moja kabla ya Pasaka ya 2025. Aliziweka kwa bibi kwanza. Bibi kaligeuza ua, kapapasa nyuma. Naambiwa alisema kuna mahali nimefunga fundo, hapafungwi fundo, uzi unafichwa. Ni kweli. Nimefunga fundo.

Kwa upande wetu, mimi na mume wangu tulikaa Jumapili moja na ile mifuko. Tulichouliza ni kitu kimoja: huyu ana mwenyewe anayemsubiri? Kiblanketi hakikuwa na mwenyewe tena, mtoto anaandika jina lake. Nilifumua herufi, kitambaa kikawa kizuri kama kipya, isipokuwa duara la kutu pale fremu ilipokaa miaka mitatu. Hilo ni funzo langu kwenu: ukiacha kazi hata kwa wiki, toa fremu, toa na sindano, na usiweke kwenye mfuko wa nailoni. Kwa unyevu wa mji huu chini ya mlima, nailoni inatengeneza ukungu ambao hakuna sabuni inayouondoa. Na andika namba ya rangi ya uzi pembeni. Nilikuwa na waridi lenye nyekundu mbili tofauti kwa sababu karatasi ya namba nilikuwa nimeitupa.

Kitambaa cha altare nilikipeleka jumuiya, nikasema mbele za watu sikiwezi peke yangu. Nilifikiri nitakufa. Mama mmoja akakichukua, mwingine akaomba upande wa pili, kikakwisha ndani ya wiki sita. Blauzi nikaikata mikono, nikaiacha upande mmoja una maua, watu wanadhani ni mtindo. Makochi ya watu saba tulishayauza zamani, tuna ya watu wanne, kwa hiyo vile vitambaa vinne ghafla vikawa vimetosha! Vingine viwili nilivigawa bado vina michoro kwa binti wa jirani anayejifunza. Kofia nimeibakiza. Haina mwenyewe, ninajua. Lakini vile vitundu 22 ni fungate yangu.

Yakabaki mashuka yetu. Yalikuwa chini kabisa ya mfuko wa kwanza, yamegeuka rangi ya maziwa kwenye mikunjo. Ndege wawili na tawi, herufi zetu mbili, tarehe ya harusi. Ndege mmoja alikuwa kamili, wa pili hana kichwa.

Mume wangu akaushika upande ule. "Hii ndiyo ya kwanza kuanza," akasema, "na ndiyo ilikuwa chini kabisa." Hakusema kwa ugomvi. Afadhali angesema kwa ugomvi. Miaka yote ile tumelalia mashuka ya dukani na sikujua kwamba na yeye alikuwa anasubiri. Nilidhani wanaume hawaangalii mashuka.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungeniuliza msingi."

Basi tukapeana sharti. Wiki nisipodarizi jani, ananiuliza. Mwezi asiponunua hata mfuko mmoja wa saruji, namuuliza. Kutajiana ya mwenzio kama jibu hairuhusiwi. Siyo rahisi, mwezi wa pili tulinuniana siku nne. Lakini amejifunza kunitenganishia nyuzi, zile sita kuwa mbili mbili, ana mikono mitulivu kuliko yangu. Na mimi nimeijua bei ya kokoto.

Mchicha wa jirani umeng'olewa, kuta zimefika kwenye lenta. Yule ndege wa pili ana kichwa na jicho moja, jicho la upande huu. Mdomo bado, nasubiri mwanga wa Jumamosi.